Sanamu Iliyohama Dar es Salaam, Ikaangukia Hamburg

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann. Juu alikaa yeye ndani ya sare yake, chini akawekwa askari Mwafrika, amemwinulia uso bwana wake huku akimfunika simba kwa bendera ya Ujerumani. Mwamba ngoma huvutia kwake. Waliosimamisha sanamu ile walitaka mji mzima usadiki kwamba nchi imeshalala kama yule simba, na kwamba sisi wenyewe tumeridhika kama yule askari.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na kwetu habari za Wissmann hatukuzipata vitabuni peke yake. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha Mrima, pwani yetu ya bara, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Agosti kampuni ikaja kushika forodha. Pangani aliletwa Emil von Zelewski, mtu aliyemdharau liwali na kuingia msikitini na mbwa. Watu hawakuvumilia. Mbele yao alitokea Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa, na nyuma yake wakajipanga waungwana na watumwa, watu wa mjini na watu wa bara. Kampuni ilipozidiwa ilikimbilia serikali yake, na mapema 1889 Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2. Kwa fedha hizo Wissmann, aliyetumwa kuuzima upinzani huo, aliajiri Wasudani kutoka Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji. Mei akaivunja ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo, Julai akaiteka Pangani, na tarehe 15 Desemba Bushiri akanyongwa pale pale Pangani.

Ndiyo maana, nilipopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya kumbukumbu hapa Hamburg, sikuja kama mtalii. Wiki hii ya kwanza kazini ni ya kuonyeshwa makabati na kufundishwa namna ya kushika karatasi kuukuu, kwa hiyo jioni zote ni zangu. Nimezitumia kuutembea mji huu, na kila nilipogeuka nilikuta nyayo za biashara ya kwetu.

Wafanyabiashara wa Hamburg walitangulia Unguja miaka mingi kabla ya bendera ya Ujerumani. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi yake huko mwaka 1849, na mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zikafunga mkataba wa biashara na Sultani Majid. Pembe za ndovu na karafuu zilikuwamo, lakini utajiri mkubwa ulitoka kwenye kitu ambacho watoto wa pwani hukichezea: kauri. Watu wetu waliziokota miambani bahari ikipwa, merikebu za Hamburg zikazipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha halali ya sokoni. Huko zilinunua mafuta ya mawese, na mawese yakaja Ulaya kutengenezewa sabuni na mishumaa. Merikebu zilizidi kumimina kauri mpaka thamani yake ikaporomoka, na hasara ikawaangukia wale waliokuwa wameweka akiba zao kwa kauri.

Katika mtaa wa Große Reichenstraße lipo jengo liitwalo Afrikahaus, lililojengwa mwaka 1899 na kampuni ya meli ya Woermann. Mlangoni amesimama shujaa wa Kiafrika wa shaba, na uani tembo wawili wanalinda mlango wa jengo la nyuma. Nilikaa kati ya tembo hao nikawatazama makarani wakitoka kazini, mikoba begani, hakuna aliyeinua macho. Bandari hii ndiyo iliyotuma meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie kuanzia mwaka 1890. Hata mkonge, uliougeuza mkoa wetu wa Tanga, ulipitia hapa: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu.

Jioni niliyoingoja kuliko zote nilishuka kituo cha Dammtor, hatua chache kutoka jengo kuu la zamani la Chuo Kikuu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, sanamu ya Wissmann iling'olewa, ikapelekwa London. Baada ya vita Wajerumani waliidai, wakarudishiwa, na mwaka 1922 ikasimamishwa hapa, mbele ya wasomi. Dar es Salaam Waingereza walizindua mwaka 1927 Sanamu ya Askari tunayoijua sote, ambamo askari yuko peke yake na bunduki yake, bila bwana wa kumtazama.

Ya Hamburg iliangushwa na mabomu mwaka 1945, ikainuliwa tena 1949. Ndipo wanafunzi walipoamka. Mwaka 1967 waliivuta chini, wakubwa wakairudisha. Mwaka 1968 wakaivuta tena, na safari hii haikurudi. Leo mahali hapo pana majani, miti na baiskeli zilizofungwa kwa minyororo.

Usiku ule nilimpigia bibi yangu simu Pangani. Aliitikia shikamoo yangu, akaulizia baridi, kisha akasema: "Na huko, mjukuu wangu, Bushiri wanamjua?" Nikamjibu: "Bado, bibi. Lakini Wissmann walimwangusha wenyewe." Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi wafundishe lililobaki."

Lililobaki ni jingi. Askari wa kwenye sanamu hakupewa jina, ilhali askari wa kweli walikuwa na majina na madai yao. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na katika Vita Kuu ya Kwanza, angali mtoto, aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Ujerumani kudai mishahara yao wawili ambayo haikulipwa. Alikataliwa. Akabaki Berlin, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza filamu. Mwaka 1941 polisi wa siri wa Hitler walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akatupwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Huyu hakumwinulia mtu uso kwa kuridhika. Alikuja kudai haki yake.

Na vita vyenyewe tulikwisha kuvisimulia kabla shaba haijamiminwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhry, mtu wa Mrima, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, wakati makovu bado mabichi, na ndani yake watu wa pwani wana majina, wanashauriana, wanagombana, wanathubutu. Ni ukumbusho tuliojijengea wenyewe, na haukuhitaji idhini ya gavana.

Sanamu ya Wissmann imehifadhiwa ghalani, na mara chache hutolewa kwa maonyesho. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, na udugu huo una kazi ya kufanya hapa. Itakapotolewa tena, ioneshwe ikiwa imelala kama wanafunzi walivyoiacha, pembeni yake usomwe utenzi wa Hemedi kwa Kiswahili, na watu wa Pangani wawe miongoni mwa waandaaji, si wageni waalikwa tu. Kuangusha kulifanywa na vijana wa Hamburg, nao wanastahili shukrani. Kueleza nani alipigana na nani, na kwa nini, ni wajibu wetu sisi wenye habari hizo, na mimi nimeanza kuutimiza wiki hii.