Mazishi ya Wazee Wetu na Gharama za Siku Hizi



Hapa kwetu Zombe, mvua ikikosa, mbuzi huuzwa ili watoto wale. Kwa hiyo nyumba inapouza hata maksai wa kulimia ili kulisha waombolezaji, si jambo dogo. Wako wasemao kwamba mazishi ya fahari ni desturi ya Wakamba. Historia haisemi hivyo.

Hobley mwaka 1910, na Lindblom mwaka 1920, walioandika habari za Wakamba, walieleza kwamba kaburi lilichimbwa hasa kwa ajili ya wazee wenye heshima. Wengine walilazwa porini. Jambo kubwa lilikuwa kuitakasa nyumba, ili walio hai waendelee na maisha. Baadaye dini na serikali zilileta kaburi kwa kila mtu, nasi twashukuru. Lakini kaburi lenyewe si ghali: majembe ya mwethya hulichimba bure.

Gharama zilikuja kwa njia ya safari. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na vijana wetu wakafuata mshahara mbali. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi wengi wa Kikamba walifia ugenini, na jamaa zao wakawalilia bila kuona maiti. Siku hizi mochari na gari humwezesha marehemu kurudi kwao. Hiyo ni neema. Lakini kila siku ya kungoja huongeza ada ya mochari, chakula cha wageni na nauli.

Tutazame mifano miwili. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Kwa sababu ya kesi ya mahali pa kumzika, hakuzikwa mpaka tarehe 23 Mei 1987. Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, naye akazikwa Bondo tarehe 19, kwa kuwa aliusia azikwe upesi. Nani atasema kwamba huyu wa pili hakuheshimiwa? Hali kadhalika Askofu Mkuu Ndingi Mwana a'Nzeki, mwana wa Ukambani, alizikwa Nakuru Aprili 2020 mbele ya watu wachache, kwa ajili ya korona, na jina lake halikupungua. Ndugu zetu Waislamu nao humzika maiti kwa sanda, siku ile ile ikiwezekana. Jeneza la msikiti hurudi kumngoja mwingine, tajiri kwa maskini.

Basi twashauri hivi. Kila mzee atoe wasia wake mapema mbele ya jamaa. Maiti asikae mochari kwa kungoja michango. Jeneza litengenezwe na fundi wa hapa, kwa mbao za kawaida. Wageni wanywe chai, nao majirani waje na chakula chao. Fedha ya rambirambi itakayosalia apewe mjane mbele ya wazee, iwe karo ya watoto.

Marehemu hadai kitu tena. Yatima wake wangali wanadai.