Waliofunzwa kupika sukari na waliofunzwa kupalilia

Mwaka 1967 Serikali ya Kenya iliwapa Waingereza wa kampuni ya Booker kazi ya kuchunguza kama miwa ingestawi Mumias, magharibi mwa nchi. Mji huu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ulikuwa umepoteza heshima yake tangu 1920, makao ya utawala wa kikoloni yalipohamishiwa Kakamega. Booker walikuwa wamelima miwa Guyana kwa miaka mingi, tangu enzi za ukoloni, na majaribio yao hapa yakafaulu.

Mwaka 1971 Kampuni ya Sukari ya Mumias ikaundwa. Serikali ilishika asilimia 71 ya hisa. Zilizobaki zikagawanywa kati ya shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, mashirika ya fedha na Booker wenyewe, ambao ndio waliokabidhiwa usimamizi. Kiwanda kilianza kusaga 1973, kikiwa kimejengwa kutoa tani 45,000 za sukari kwa mwaka.

Kusimamisha mitambo ni jambo moja, kupata wa kuiendesha ni jingine. Juisi ya miwa husafishwa kwa chokaa, huchemshwa ikawa nzito, kisha hupelekwa kwenye sufuria kubwa za mvuke, na hapo ndipo kazi ya sukari hufaulu au huharibika. Mpishi huchota sampuli, huipaka kwenye kioo, huitazama kwenye mwanga na kuipima kwa vidole. Akichelewa, chembe huwa nyingi mno na ndogo mno, zisitengane na molasi. Hilo halisomwi kitabuni likaisha. Mtu husimama kando ya aliyemtangulia, zamu baada ya zamu, mpaka jicho lake lizoee. Kuwaandaa Wakenya kushika nafasi za wageni kulikuwa sehemu ya kazi ya Booker, na hatua kwa hatua vijana wa pale wakawa wapishi, mafundi wa boila, wapima miwa, wasimamizi wa mashamba. Naliona hili kuwa tunda bora kuliko yote ya ubia ule.

Mkulima alifunzwa namna nyingine. Kiwanda kilikuwa na shamba lake, lakini sehemu kubwa ya miwa ilitoka kwa majirani wenye vipande vidogo. Mwaka 1975 ikaundwa kampuni ya wakulima hao, MOCO, iwasimamie na kuwakopesha. Vipande viliunganishwa ili trekta lipite. Kampuni ya sukari ililima, ikaleta mbegu na mbolea kwa mkopo, na miwa ilipokomaa baada ya miezi 18 hadi 24 ikatuma wakataji na matrela, halafu ikakata gharama zake zote kwenye malipo. Mwenye shamba alibakiwa na kupanda na kupalilia. Maafisa wa nyanjani walimfundisha hayo, wakamfundisha vizuri.

Lakini hakufundishwa kupima uzito, wala kusoma hesabu ya makato, wala kupanga usafiri. Na mara nyingi aliyeshika jembe alikuwa mke, ilhali mkataba na malipo vilikuwa kwa jina la mume. Mwanamke aliyepalilia misimu kumi angeweza kuimaliza bila kuona karatasi moja ya mizani. Ukumbuke kwamba Bukura, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Kakamega, palikuwa na shule ya kilimo tangu miaka ya 1920. Walimu wa kumfundisha mkulima hawakuwa mbali.

Kwa muda mrefu pengo hilo halikuonekana, maana kampuni ilikuwa na nguvu. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi; baadaye ikachoma makapi ya miwa kuzalisha umeme, megawati 34, sehemu yake ikauzwa kwa gridi ya taifa. Kisha madeni yakaizidi. Wakulima wakakaa bila kulipwa, na Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka chini ya mrasimu.

Fundi wa boila aliondoka na ujuzi wake kichwani. Kabras palikuwa na kiwanda cha West Kenya tangu 1981, Butali kingine kilifunguliwa 2011, na mvuke ni uleule. Mkulima wa Matungu, jirani na Mumias, alikuwa na miwa iliyopita umri wake, imesimama shambani ikikauka. Kuikata na kuisafirisha ndiko alikokuwa akifanyiwa siku zote. Wengine waliwauzia wenye vinu vya sukari nguru kwa bei waliyotajiwa. Wengine waling'oa mashina, wakarudia mahindi.