Mazrui: Jina Lililotoka Rustaq Likakita Mizizi Mombasa

Mazrui ni nisba ya Kiarabu, yaani jina linalomtambulisha mtu kwa kabila lake. Wenye jina hili, ambao kwa wingi Waarabu huwaita Mazari, asili yao ni Oman, hasa Rustaq na nchi ya Dhahira iliyo upande wa pili wa milima. Tawi jingine liko Abu Dhabi, katika maeneo ya Liwa, na huhesabiwa ndani ya muungano wa makabila wa Bani Yas. Oman kwenyewe Wamazrui walikuwa kabila moja kati ya mengi, na hawakuwahi kushika uimamu wala usultani. Jina lao lilipata sifa ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, ambako walitawala kwa takriban miaka mia moja. Na kinachostaajabisha katika historia yake ni kwamba ushindi uliliweka jina mahali pamoja, lakini kila waliposhindwa lilienea zaidi.

Lilifika Mombasa pamoja na majeshi ya Oman. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na kwa karne nzima iliwawezesha kuidhibiti bandari. Mwaka 1696 Waomani wa ukoo wa Yaarubi waliizingira, na mzingiro ule ulidumu karibu miezi thelathini na tatu. Njaa na maradhi viliua watu wengi zaidi kuliko risasi. Ngome ilianguka Desemba 1698. Mapokeo ya ukoo yanamtaja Nasir bin Abdallah al-Mazrui kuwa miongoni mwa maliwali wa kwanza waliowekwa na imamu wa Oman, ingawa utawala wa kudumu ulianza baadaye. Wareno waliurudia mji kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata, na katika miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman al-Mazrui akateuliwa liwali wa Mombasa.

Hadi hapo Mazrui alikuwa mtumishi wa dola ya Oman tu. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1740, ukoo wa Yaarubi ulipoporomoka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika uimamu. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: huyu mpya alikuwa liwali kama yeye, naye amejitwalia nchi, basi Mombasa nayo ina haki ya kujitwalia mambo yake. Imamu alituma watu waliojifanya wamegombana naye. Walipokaribishwa ndani ya ngome, wakamuua liwali. Ali bin Uthman, ndugu wa marehemu, aliponyoka, akakusanya wafuasi mjini na bara, akairudisha ngome mikononi mwa ukoo. Mapokeo husema alisaidiwa na mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa bandarini. Kuanzia hapo Mazrui na Busaidi wakawa na uhasama uliorithiwa vizazi vinne.

Utawala ule haukusimama kwa bunduki za Waarabu peke yao, maana walikuwa wachache. Mombasa ilikuwa na wenyewe: Thenashara Taifa, zilizogawanyika katika Taifa Tatu za Kilindini, Tangana na Changamwe, na Taifa Tisa zilizoongozwa na Mvita. Pande hizo mbili zilishindana tangu zamani, na Wamazrui walikubalika kwa kuwa hawakuwa wa upande wowote. Nyuma ya mji kulikuwa na Wamijikenda, ambao kila kundi lao lilikuwa na uhusiano wake na taifa fulani la mjini, kwa biashara ya pembe za ndovu, sandarusi na nafaka na kwa ahadi ya msaada wa vita. Liwali aliyezipuuza taifa hizo au wazee wa bara hakudumu. Kwa hiyo ukoo ulioa Mombasa, ukazungumza Kimvita, na polepole wengi wao wakaacha madhehebu ya Ibadhi ya Oman wakafuata ya Shafii kama majirani zao. Wajukuu wa askari wa Rustaq walikuwa wameshakuwa Waswahili, japo nisba yao ilibaki ileile.

Nguvu yao ilifikia kilele mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Walikishika kisiwa cha Pemba, ghala lililoilisha Mombasa kwa mpunga, na wakawa na sauti kubwa kisiwani Pate. Kisha, karibu na mwaka 1812, wao na washirika wao wa Pate wakaishambulia Lamu na kushindwa vibaya kwenye ufuo wa Shela. Hasara haikuishia kwa waliouawa. Watu wa Lamu, kwa kuogopa kisasi, walimwomba Seyyid Said bin Sultan wa Oman awalinde, na Busaidi akapata mguu wa kusimamia Afrika Mashariki. Katika miaka michache Pate na Pemba zikatoka mikononi mwa Mombasa.

Akiwa amebanwa, liwali Sulaiman bin Ali alitafuta mlinzi mwingine. Mwaka 1824 nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipofika alikuta bendera ya nchi yake tayari inapepea juu ya ngome, na akakubali kuuweka mji chini ya ulinzi. Masharti yalikuwa kupiga marufuku biashara ya watumwa na kugawana nusu kwa nusu ushuru wa forodha. Luteni John James Reitz, aliyeachwa kusimamia mapatano, alifariki mwaka huohuo. Jina lake bado liko Mombasa, kwenye hori la Port Reitz. Serikali ya London haikuridhia jambo hilo, na mwaka 1826 ulinzi ukaondolewa. Seyyid Said alishambulia mara kadhaa bila kufaulu. Kilichomfungulia mlango ni ugomvi wa urithi uliozuka baada ya kufa liwali Salim bin Ahmad mwaka 1835, na kuchoka kwa baadhi ya wakuu wa mji. Mwaka 1837 Rashid bin Salim, liwali wa mwisho, alisalimu amri. Hakupita muda yeye na jamaa zake zaidi ya ishirini wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na wengi wao wasionekane tena.

Hapa ndipo jina lilipotawanyika kwa mara ya kwanza. Walionusurika walikimbia mji kwa pande mbili. Kundi moja lilikwenda kaskazini na kuujenga mji wa Takaungu, kando ya hori karibu na Kilifi. Jingine lilikwenda kusini hadi Gazi, katika nchi ya Wadigo. Takaungu ilitajirika kwa kilimo cha mtama, mahindi na ufuta vilivyosafirishwa hadi Arabuni, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Jambo hili halifai kupitwa kimya katika historia ya jina lolote kubwa la pwani. Watumwa waliotoroka mashamba ya Takaungu walianzisha makazi yao bara, kama Fuladoyo, na baadhi ya walioachwa huru walibaki wakijitambulisha kwa ukoo wa mabwana wao wa zamani, kama ilivyokuwa desturi ya pwani. Kwa hiyo si kila aliyebeba jina hili alilipata kwa nasaba ya Rustaq, na ramani yake ya leo haisomeki sawasawa bila kukumbuka hilo.

Gazi ilikuwa na hulka nyingine. Kiongozi wake, Mbaruk bin Rashid, alikuwa mtoto wa Rashid aliyechukuliwa mwaka 1837, na maisha yake yote hakuusahau mwaka ule. Aliasi dhidi ya masultani wa Zanzibar, wa ukoo uleule wa Busaidi, mara kwa mara, akijificha Mwele, kijiji chenye boma katikati ya msitu wa vilima vya Kwale, na kuungwa mkono na Wadigo na Waduruma. Mwaka 1895 matawi mawili yaliyokuwa yamepishana kwa muda mrefu yalikutana katika vita. Salim bin Khamis, kiongozi wa Takaungu, alikuwa amefariki, na kampuni ya Waingereza iliyosimamia pwani ikamsimika Rashid bin Salim (si yule wa 1837), aliyekuwa rafiki yao, badala ya Mubarak bin Rashid aliyekuwa mkubwa kwa umri na mwenye haki kwa mila. Mubarak na nduguye Aziz walipokimbilia Gazi, Mbaruk mzee akachagua kuwa nao.

Waingereza waliliteka boma la Mwele Agosti 1895 chini ya amri ya Admirali Harry Rawson, lakini vita viliendelea vichakani kwa miezi mingi. Wapiganaji waliivizia misafara na kuchoma vijiji vilivyokuwa upande wa serikali, na Wagiriama nao wakaingizwa katika msukosuko. Ilibidi kuletwa askari kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk, na wafuasi zaidi ya elfu moja, alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani waliotawala upande wa kusini. Baadhi walirudi baada ya kusamehewa. Mbaruk alibaki upande wa Tanganyika na hakutawala tena. Hivyo jina likapata makao mapya kusini mwa mpaka, kwa kushindwa vitani.

Baada ya 1896 hakuna Mazrui aliyeongoza jeshi. Ukoo ulikuwa na njia nyingine tangu zamani, njia ya elimu, na sasa hiyo ndiyo ikawa njia kuu. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, anastahili nafasi kubwa kuliko maliwali wengi waliomtangulia. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah. Aliwahimiza Waislamu wa pwani wasomeshe watoto wao elimu ya kisasa, wasomeshe wasichana, na waache gharama za harusi na mazishi zilizowafilisi. Akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akabaki katika kiti hicho hadi kufariki mwaka 1947. Aliandika pia kwa Kiarabu historia ya ukoo wake Mombasa, ambayo ilikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwanafunzi na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu nchi ilipopata uhuru mwaka 1963.

Majina ya watu hawa wenyewe yanaonyesha nisba ilivyogeuka kuwa jina la ukoo kwa maana ya kisasa. Babu alijulikana kwa mnyororo mrefu wa bin huyu bin yule, na nisba ikaja mwisho pale tu ilipohitajika kumtenga na watu wa kabila jingine. Mtoto wa Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, ulimwengu ulimjua kama Ali A. Mazrui. “Bin” imeondoka, “al-” imeondoka, jina la baba limekuwa herufi moja, na nisba ndiyo inayoongoza katika orodha za maktaba. Fomu za serikali ya kikoloni, shule na pasipoti ndizo zilizofanya kazi hiyo, kwa Wamazrui kama kwa Waarabu wengine wa pwani. Ali Mazrui alifundisha Makerere tangu 1963 hadi utawala wa Idi Amin ulipomwondoa, akaenda Michigan na baadaye Binghamton katika jimbo la New York. Mfululizo wake wa televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa Afrika, wa mwaka 1986, ulilifikisha jina kwenye nyumba za watu wasiojua Mombasa iko wapi. Alifariki Oktoba 2014 na akazikwa katika makaburi ya ukoo, jirani na Ngome ya Yesu. Alamin Mazrui, mwanaisimu na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1982, kisha naye akaendelea na kazi ya kufundisha Marekani.

Leo jina limesambaa katika duara tatu. La kwanza ni pwani yenyewe: Mombasa, Takaungu, Gazi, na kwa uchache Lamu, Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Takaungu jina limefungamana pia na mzozo wa ardhi. Chini ya ukoloni eneo kubwa lilisajiliwa na kuwekwa kwa wadhamini kwa niaba ya ukoo, huku familia nyingi za Kimijikenda zikiishi na kulima humo. Mwaka 1989 Bunge la Kenya lilifuta sheria ya udhamini huo, na madai yakapelekwa mahakamani.

Duara la pili ni Ghuba. Hapa kuna wenye jina ambao hawakuwahi kuondoka, na kuna waliorudi. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliwakimbiza Waarabu wengi wa visiwani, na Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Katika nyumba za Muscat zilizojazwa na marejeo hayo Kiswahili bado kinazungumzwa. Upande wa Falme za Kiarabu jina huandikwa Al Mazrouei kwa hati za Kilatini, kama anavyoandika waziri wa nishati wa nchi hiyo, Suhail Al Mazrouei, na wengi wenye tahajia hiyo ni wa matawi ya huko huko, yasiyopita Mombasa. Duara la tatu ni Uingereza, Kanada na Marekani, na hapo tahajia humsaidia mwenye kutafuta nasaba: anayeandika Mazrui, bila “al” na bila “ou”, kwa kawaida ana mizizi katika pwani ya Afrika Mashariki.