Chandela, watawala wa nchi kavu

Katika karne ya 9, ukoo wa Chandela ulikuwa na eneo dogo tu katikati ya Bara Hindi, nchi ya majabali na mvua haba, tena chini ya wafalme wa Pratihara wa Kannauj. Aliyeunyanyua ni Yashovarman. Aliiteka ngome ya Kalinjar, kisha akajipatia sanamu ya Vishnu iliyokuwa mikononi mwa hao Wapratihara, akaijengea hekalu mjini Khajuraho. Kwa watu wa zama hizo, huko kulikuwa kutangaza uhuru. Maandishi ya mwaka 954 yanayoeleza habari hiyo yaliwekwa na mwanawe, Dhanga.

Enzi ya Dhanga iliacha maandishi mengine, nami nayapenda zaidi. Yamechongwa mlangoni mwa hekalu la dini ya Kijaini, iliyostawi Khajuraho sambamba na ya Kihindu. Mtu mmoja, Pahila, anataja bustani saba alizozitoa sadaka, moja ikiwa ya miembe. Kisha anawaomba watakaotawala baadaye, wa ukoo wowote, wailinde sadaka yake. Naye atakuwa mtumishi wa watumishi wao. Mfalme wake yuko hai na ana nguvu, lakini Pahila ameshawafikiria watakaomrithi.

Nguvu hizo zilidumu kwa muda. Mfalme Vidyadhara alikabiliana na Sultani Mahmud wa Ghazni, na mwaka 1022 Kalinjar ilizingirwa bila kutekwa. Wakapeana zawadi, wakaachana. Hekalu la Kandariya Mahadeva la Khajuraho, lenye kimo cha mita 31 hivi, ni la zama za Vidyadhara. Mawe yake yameshikana kwa kuchongwa yaingiane, bila chokaa.

Mwanzoni mwa karne ya 13, jemadari Qutb al-Din Aibak aliitwaa Kalinjar. Msafiri Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alipita Khajuraho, akakuta mahekalu kando ya ziwa na sanamu zilizokatwakatwa.

Leo wageni humiminika huko kutazama nakshi, na wana haki. Lakini ukifika, usiishie hapo. Nenda na mji wa Mahoba, ukaone Kirat Sagar na Madan Sagar, malambo yaliyochimbwa na wafalme Kirtivarman na Madanavarman. Katika nchi ile ya kiu, hiyo ndiyo kazi yao bora.