Chanjo bila kuchanja

Mama wa Bungulu, mjini Beni, akisema mtoto wake amepata chanjo, hafikirii wembe. Neno lenyewe, hata hivyo, lina makali: kuchanja ni kupasua kuni, au kutoja ngozi ili dawa iingie, kama mganga anavyochanja chale. Kwa ndui lilifaa kabisa. Katikati ya karne iliyopita wanafunzi walipangwa mstari, dawa ikadondoshwa mkononi, ngozi ikakwaruzwa, na kovu likabaki maisha yote. Wazee wetu wengi bado wanalo.

Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, mambo yakageuka. Chanjo ya polio ya mtafiti Hilary Koprowski ilitolewa kwa watu zaidi ya 200,000, kwa kuwapulizia dawa mdomoni. Hapakuwa na damu wala kovu. Leo matone ya polio tunayaita chanjo vilevile, na hakuna anayeshangaa.

Wapo wanaopenda kusema “vaksini”. Mimi nang’ang’ania chanjo, kwa sababu mzazi analielewa bila mkalimani. Ebola ilipozuka kwetu mwaka 2018, wahudumu waliwachanja waliomkaribia mgonjwa, kisha na watu wa karibu wa hao, mbinu ileile iliyosaidia kuimaliza ndui. Uvumi ulikuwa mwingi, hofu pia. Mhudumu aliyesimama mlangoni akieleza kwa Kiswahili au Kinande tayari alikuwa amemaliza nusu ya kazi, maana neno alilolihitaji lilikuwa limeshaishi ndani ya nyumba ile tangu siku za babu.