Kete Mbili, Njia Moja

Neno kete lina maana mbili: ni simbi ndogo ya pwani, tena ni kijiwe cha mchezaji. Maana hizo hukutana Maruku, iliyokuwa mojawapo ya falme za Wahaya karibu na Bukoba, zaidi ya kilomita 900 kutoka Bagamoyo.

Katika karne ya 19, misafara ilipita Tabora hadi Karagwe, jirani ya Buhaya. Speke alipofika huko mwaka 1861, wafanyabiashara wa Kiarabu walikwisha kumtangulia. Simbi zilipanda bara, pembe za ndovu zikashuka pwani. Kwa Wahaya simbi ikawa fedha, ikahesabiwa hata katika mahari. Na Waganda hadi leo huita fedha ensimbi.

Pembe nazo zilikusanywa Unguja. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na miji ya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut, ikatajirika kwa kuchonga vibonye vya piano. Wachongaji wa karne hiyo walitengeneza pia kete za pembe za kuhesabia dau katika mchezo wa poka, zilizonakshiwa maua na nyota. Baadaye kete za udongo zikachukua nafasi yake. Wakusanyaji wa leo huzitafuta, pamoja na vibao vya sampuli ambavyo mawakala waliwaonyeshea wenye maduka. Kazi ya kibao ni kusifu rangi na bei; mpagazi na ndovu hawana nafasi humo.

Wajerumani walianzisha kituo Bukoba mwaka 1890, na taratibu rupia ikaiondoa simbi sokoni. Hata hivyo, sarafu yao ya heller 10, iliyotolewa kuanzia mwaka 1908, ilikuwa na tundu katikati, ikatungika uzini kama simbi zilivyotungwa.

Tangu mwaka 2016 Marekani imezuia sehemu kubwa ya biashara ya pembe, na kete hizo haziuziki kwa urahisi kama zamani. Huenda hilo ni heri. Kitu kisichokuwa na bei huanza kuulizwa kilikotoka. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini kete ya pembe kabatini ndiyo masazo ya mla jana, na aliyeibeba begani hadi pwani hakuwamo katika mchezo.