Mfahamu Jenerali Musuguri: Alimfundisha Idi Amin, kisha akaongoza vita vilivyomng'oa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika kambi ya Kahawa nje kidogo ya Nairobi, sajini mmoja kutoka Butiama mkoani Mara alikuwa akiwanoa askari wa jeshi la mkoloni, lile wazee waliloliita Keya. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana wa miraba minne kutoka Uganda, Idi Amin.

Miaka 30 na ushee baadaye, sajini yule akiwa meja jenerali, aliongoza divisheni iliyomtimua mwanafunzi wake Kampala.

Huyo ndiye David Bugozi Musuguri, Mkuu wa Majeshi wa tatu wa Tanzania.

Alizaliwa Januari 4, 1920, Butiama, miaka miwili kabla ya jirani yake Julius Nyerere. Aliingia Keya mwaka 1942 na kupelekwa Madagascar, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Kufikia mwaka 1947 alikuwa sajini na mkufunzi.

Mara na jeshi

Kuna utani wa mitaani kwamba Mkurya na jeshi ni chanda na pete. Wapo pia wanaosema watu wa Mara walijaa jeshini kwa sababu Rais wa kwanza alitoka huko.

Hilo la pili halikai sawa. Mkoloni ndiye aliyeanza kuwachukua kwa wingi vijana wa Tarime, Serengeti na vijiji vya jirani, Wakurya wakiwa mstari wa mbele. Musuguri anavaa sare mwaka 1942, Nyerere alikuwa bado mwanafunzi, hana cha kumpa mtu. Kweli, cheo cha juu kabisa alikuja kupewa na Nyerere, lakini kufikia hapo alikuwa na miaka 38 ya uaskari mgongoni.

Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi, likavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na Musuguri akaendelea na kazi.

Vita vya Kagera

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera na kutangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni la Uganda. Tanzania ikaita mgambo, polisi na magereza kuongeza nguvu. Januari 1979 wanajeshi wake waliuteka mji wa mpakani wa Mutukula, na Musuguri akapata jina la utani: Jenerali Mutukula.

Chini yake ilikuwa Divisheni ya 20, iliyosonga kwa barabara ya Masaka kuelekea Kampala. Masaka ilianguka Februari 24. Kazi ngumu ilikuwa mbele, Lukaya.

Pale barabara inakatiza kinamasi. Ukikwama katikati, huna pa kujificha wala pa kupitishia kifaru. Machi 10 askari wa Amin wakisaidiwa na Walibya, waliotumwa na Muammar Gaddafi, walishambulia kwa makombora ya Katyusha. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuonja vita, ilitishwa na mlio ule na kurudi nyuma.

Hapo ndipo Musuguri alipofanya uamuzi uliogeuza vita. Badala ya kulazimisha kila kitu kupita mbele, aliiamuru Brigedi ya 208 izunguke kwa nyuma na kuikata barabara ya Kampala. Mkuu wa brigedi hiyo alikuwa Mwita Marwa. Ukisikia jina hilo huhitaji kuuliza ni la upande gani wa Mto Mara. Machi 11 adui akajikuta katikati, brigedi ya 201 ikimpiga usoni na ya 208 mgongoni. Maiti zaidi ya 400 zilihesabiwa, karibu nusu yake Walibya.

Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikusimama tena vizuri. Brigedi hiyohiyo ya Marwa iliteka Entebbe Aprili 7, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Amin akakimbilia Libya, na mwishowe akaishia Saudi Arabia alikofia mwaka 2003.

Ukuu wa Majeshi

Mwaka 1980 Nyerere alimteua Musuguri kuwa Mkuu wa Majeshi badala ya Abdallah Twalipo. Haikuwa miaka ya starehe. Nchi ilikuwa imefilisiwa na vita, maduka hayana bidhaa, na Januari 1983 njama ya kupindua serikali iliyohusisha maofisa wa jeshi ilifichuliwa. Baadaye JWTZ ilipeleka wanajeshi Msumbiji kupambana na Renamo.

Alistaafu mwaka 1988, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na kumwachia Jenerali Ernest Mwita Kiaro. Mwaka 2001 kiti hicho kilimfikia mwana wa Tarime, Jenerali George Waitara, aliyekikalia hadi 2007. Waitara baadaye aliongoza bodi ya TANAPA, shirika linalosimamia Hifadhi ya Serengeti.

Mzee Musuguri alirudi kwao Butiama, si mbali na Makutano, njia panda ambapo ukinyoosha unakwenda Daraja la Kirumi na Tarime, ukikata kulia unakwenda Mugumu. Januari 2020 JWTZ ilimfanyia sherehe hapo nyumbani alipotimiza miaka 100.

Alifariki Mwanza Oktoba 29, 2024, akiwa na miaka 104. Alizikwa Butiama, kijiji kilekile alicholala Nyerere.